Uaminifu wa Kuhesabu Matukio

Umezuka miongoni mwa walimu wenzetu wa fasihi mtindo ambao hatuwezi kuunyamazia tena. Mwanafunzi akipewa kazi mbili, kwa mfano riwaya na filamu iliyotokana nayo, au tamthilia ya kigeni na tafsiri yake ya Kiswahili, huambiwa ataje tofauti tano. Akizitaja tano hupata alama tano. Akitaja saba husifiwa. Hakuna amwulizaye tofauti hizo zina kazi gani, wala kilichomsukuma mgeuzaji kugeuza. Mwisho wa zoezi hutolewa hukumu: kazi yenye tofauti chache ni aminifu, na yenye tofauti nyingi imepotosha. Hivyo ndivyo karani wa ghala ahesabuvyo magunia, wala hatuoni aibu kuiita shughuli hiyo uhakiki.

Tunakusudia kuupinga mtindo huu kwa kutumia mfano ambao baadhi ya wenzetu watashangaa kuukuta katika kurasa hizi, nao ni hadithi ya picha ya Kijapani iitwayo Hagane no Renkinjutsushi, ijulikanayo zaidi duniani kwa jina la Fullmetal Alchemist. Hadithi za namna hii Wajapani huziita manga. (Tahadhari kwa wazee wetu wa pwani: Manga hii haina uhusiano wowote na ile iliyotuletea pilipili.) Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wetu wengi wanaijua kuliko wajuavyo vitabu tuwapavyo, na mwalimu asiyejua kilichomo vichwani mwa wanafunzi wake anapanda mbegu katika shamba asilolikagua. Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, hadithi hii imepata bahati ambayo kazi chache duniani zimeipata: imegeuzwa filamu za katuni za televisheni mara mbili na studio ile ile, iitwayo Bones. Mara ya kwanza, mwaka 2003, iliiacha njia ya kitabu; mara ya pili, mwaka 2009, iliifuata. Tena imegeuzwa michezo ya video zaidi ya mmoja. Mizani ya kupimia tunachokidai imekwisha kutengenezwa, kazi yetu ni kuitumia.

Wako watakaosema kuwa hadithi yenyewe ni ya uchawi na haifai kutajwa mbele ya watoto. Hao tutawajibu kwa ufupi. Alkemia ilikuwa elimu ya watu waliojaribu kuzijua mata na mabadiliko yake. Neno lenyewe lilipita katika Kiarabu, na kemia tunayoifundisha shuleni ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Kijana Edward Elric, mhusika mkuu wa hadithi, hujiita mtu wa sayansi, na huwadharau wanaongojea miujiza. Anayeogopa jina kabla ya kufungua kitabu hana haja ya kushiriki mjadala huu.

Mtunzi ni mwanamke, Hiromu Arakawa, aliyezaliwa mwaka 1973 katika kisiwa cha Hokkaido, kwenye familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kwa miaka saba alifanya kazi katika shamba la wazazi wake kabla ya kwenda Tokyo kutafuta maisha kwa kalamu. Jina la Hiromu ni la uandishi, nalo lina mlio wa kiume. Sura yake hujichora kama ng'ombe aliyevaa miwani. Hadithi ilitoka kwa mfululizo katika jarida la kila mwezi la Shonen Gangan kuanzia mwaka 2001 hadi 2010, ikakusanywa katika vitabu 27. Tunayataja haya ya shamba kwa makusudi. Mtu aliyekamua ng'ombe alfajiri katika baridi ya kaskazini anajua kwamba maziwa hayaji bila majani, na majani hayaji bila jasho. Kutokana na maisha hayo ya wazazi wake ndipo Arakawa alipopata kanuni inayoitawala hadithi nzima: mabadilishano ya thamani sawa. Hupati kitu mpaka utoe kitu cha thamani ile ile.

Kanuni hiyo inawaangukia watoto wawili. Edward na mdogo wake Alphonse wanafiwa na mama yao, na kwa kiburi cha elimu yao changa wanajaribu kumrudisha duniani. Wanakusanya maji, kaboni, chokaa, chumvi na vingine vyote ambavyo mwili wa mwanadamu umeumbwa navyo, vitu ambavyo mtoto angeweza kuvinunua kwa pesa ya mfukoni. Kinachotokea hakina sura ya mama. Edward anapoteza mguu wa kushoto. Alphonse anapoteza mwili mzima. Ili kuizuia roho ya mdogo wake isipotee, Edward anautoa mkono wake wa kulia na kuifunga roho hiyo katika deraya tupu. Baada ya hapo ni safari ya kutafuta njia ya kurudishiwa walichopoteza, katika nchi iitwayo Amestris, inayotawaliwa na jeshi. Edward anaingia katika utumishi wa jeshi hilo akiwa na umri wa miaka 12.

Sasa tutulie kidogo kwenye sura moja ya mwanzo, ambayo wasomaji wengi huipita mbio. Ndugu hawa wanafika Youswell, mji wa wachimba makaa ya mawe. Mgodi uko mikononi mwa luteni mmoja aitwaye Yoki, mla rushwa, ambaye amewatoza wachimbaji kodi mpaka mifupa. Wachimbaji wanamwomba Edward awatengenezee dhahabu walipie kodi. Anakataa. Hii ni kinyume cha sheria, asema, na zaidi ya hapo wakilipa leo watatozwa tena kesho. Lakini baadaye anayachukua mawe yasiyo na thamani, anayageuza vinoo vya dhahabu, anakwenda kwa Yoki na kununua hati ya mgodi. Kisha anarudi kwa wachimbaji, na hati hiyo anawauzia. Kwa bei gani? Kwa chakula na malazi ya usiku mmoja. Yoki anapogutuka, dhahabu yake imekwisha kuwa mawe tena.

Tazameni jinsi sura hii fupi inavyofanya kazi. Kanuni ya thamani sawa inaonekana imevunjwa mara mbili: mgodi kwa mawe, kisha mgodi kwa sahani ya chakula. Lakini msomaji hahisi kwamba pametokea udanganyifu, ila dhidi ya mdanganyifu. Kwa nini? Kwa sababu mtunzi anauliza swali ambalo kanuni yenyewe haikulijibu: ni nani anayepanga thamani? Mgodi una thamani gani kwa Yoki asiyeshika sururu, na una thamani gani kwa mtu aliyezika ndugu zake humo? Walimu wenzetu wa Lubumbashi na Kolwezi hawatahitaji kufafanuliwa sura hii. Huo ndio moyo wa kazi ya Arakawa. Anaweka sheria kali mwanzoni, kisha kwa miaka tisa anaijaribu kwa kila hali: kwa mchimbaji, kwa askari, kwa mzazi, kwa mtawala anayetengeneza jiwe la mwanafalsafa kwa roho za watu na kujidai kwamba amepata kitu bila malipo, ilhali waliolipa ni wengine.

Juu ya jambo hilo la waliolipa, lipo taifa la Ishval katika hadithi, watu wa dini na desturi zao, ambao jeshi la Amestris linawaangamiza. Maofisa tunaowapenda katika hadithi, Roy Mustang miongoni mwao, wamo katika mauaji hayo, na mtunzi hawasamehe kwa urahisi. Hokkaido alikozaliwa Arakawa ilikuwa nchi ya Waainu kabla Dola ya Japani haijaitwaa na kuipa jina hilo mwaka 1869. Anayejua hivyo hatastaajabu kwamba binti wa walowezi wakulima aliandika juu ya ardhi iliyolipiwa na mtu mwingine.

Basi tuje kwenye ugeuzaji wa kwanza. Filamu za mwaka 2003, sehemu 51, zilianza kuonyeshwa mwezi Oktoba mwaka huo, wakati kitabu kilikuwa bado mbali na mwisho wake. Arakawa mwenyewe alitaka filamu hizo ziwe na mwisho tofauti na wa kitabu. Mwongozaji Seiji Mizushima na mwandishi Sho Aikawa walipewa, kwa hiyo, sheria ya hadithi na nusu ya matukio yake, wakaambiwa wamalize wenyewe. Kwa mpimaji wetu wa magunia, huu ni ushahidi wa kutosha: nusu nzima ni ya kubuni, basi kazi imepotosha. Hata vijana wanaoipenda hadithi hii wameambukizwa ugonjwa huo huo. Waulizeni, watawaambia kwamba toleo la 2009 ndilo la kweli na la 2003 ni la kando.

Sisi tunasema kwamba toleo la 2003 ndilo lililoisoma hadithi kwa makini zaidi. Chukueni mfano wa viumbe bandia wenye majina ya dhambi saba, wanaowasumbua ndugu hawa. Katika kitabu viumbe hao wametoka kwa adui mmoja aliyewazaa kwa kujitenga na tamaa zake. Katika filamu za 2003 kila kiumbe amezaliwa na jaribio la mtu fulani la kumrudisha maiti wake. Aitwaye Uvivu ana sura ya mama yao Edward na Alphonse, kwa sababu ndiye waliyemfanya usiku ule. Kitabu hakina jambo hilo. Katika kitabu Edward anakwenda kukifukua walichokizika, anaupima mfupa wa paja na kutazama nywele, na anagundua kwamba hakikuwa mama yao hata kidogo. Na ugunduzi huo, ingawa unatisha, ni nafuu kwake, kwa kuwa mama hakufa mara mbili. Wagezaji wa filamu waliuliza swali jingine: deni lililokimbiwa huenda wapi? Wakajibu kwamba huota miguu, likarudi nyumbani likiwa na uso wa mama. Majibu haya mawili hayafanani, lakini yote yamezaliwa na sheria moja, na mwanafunzi anayeweza kuonyesha jinsi yalivyozaliwa amejifunza zaidi ya yule aliyeandika katika karatasi yake kwamba Uvivu wa kwanza ni jitu na wa pili ni mwanamke.

Lipo jambo kubwa zaidi. Karibu na mwisho wa toleo hilo, mwanamke mkongwe aitwaye Dante, adui aliyejificha muda wote, anamwambia Edward kwamba kanuni ya mabadilishano ya thamani sawa ni uongo. Na mfano anaoutumia ni mtihani. Wewe, anamwambia, ulifanya mtihani wa kuingia katika utumishi wa serikali ukashinda. Walikuwako wengine waliosoma sana kama wewe, pengine kukushinda, nao wakaanguka. Je, jasho lao halikuwa na thamani? Mbona hawakulipwa?

Tunawaomba walimu wenzetu walitafakari swali hilo kabla ya kugeuza ukurasa, maana halihusu Amestris peke yake. Kila mwaka tunasimama mbele ya madarasa na kuwaambia watoto: someni kwa bidii, mtapata. Tunalisema kwa sauti ya sheria ya maumbile. Kisha matokeo hutoka, na mtoto wa nyumba yenye taa na vitabu hupanda, na mtoto aliyesoma kwa mwanga wa kibatari baada ya kuteka maji na kulea wadogo zake huanguka, ingawa alitoa zaidi. Dante ni mwovu, na anaitumia kweli hiyo kwa uovu, ili kuhalalisha kwamba mwenye nguvu achukue bila kulipa. Lakini alilolisema ni kweli, na Edward hana la kumjibu. Filamu haikumpa jibu la haraka. Katika kurasa za Arakawa mzani huo hauwekwi wazi hivyo, ingawa Arakawa ndiye aliyetangulia kumwonyesha Shou Tucker, mtaalamu aliyemgeuza binti yake mwenyewe, Nina, kuwa mnyama kwa sababu aliogopa kushindwa katika tathmini ya kila mwaka na kunyang'anywa cheo. Mtihani uliokuwamo katika kitabu kama chanzo cha uhalifu wa mtu mmoja, filamu iliuchukua ikaufanya shutuma dhidi ya mpango mzima. Huko ndiko tunakoita kugeuza hadithi kwa akili.

Kisha filamu hizo zinapiga hatua nyingine, ya kutisha zaidi. Zinafichua kwamba nguvu ambayo wanaalkemia wa Amestris huitumia haitoki hewani, inatoka kwa roho za watu wanaokufa katika ulimwengu mwingine, na ulimwengu huo ni huu wetu. Edward anatupwa katika mji wa London wa wakati wa vita, unaoshambuliwa kutoka angani, na huko anaelezwa nani amekuwa akilipia ufundi wake. Mabadilishano yalikuwa sawa siku zote. Ila mfuko uliolipa ulikuwa wa mtu asiyeonekana. Msomaji wa pande zetu, ambako maelfu ya wapagazi walikufa porini katika vita vya 1914 hadi 1918 kwa ugomvi wa mataifa wasiyoyajua, anaweza kuielewa hoja hiyo pengine kuliko Mjapani aliyeitunga. Filamu ya sinema ya mwaka 2005 ilimaliza hadithi hiyo katika mji wa Munich wa mwaka 1923. Hiyo hatuisifu sana, imejaa mambo mengi kupita uwezo wa muda wake, lakini haikuiacha hoja.

Toleo la pili, la 2009, lina sehemu 64, na lilifika mwisho wake mwaka 2010 kitabu nacho kikimalizika. Hatulichukii. Lina nguvu, hasa katika nusu yake ya mwisho, na mwisho wa Arakawa ni mwisho mzuri: Edward anautoa ufundi wake wote, kile alichojivunia tangu utotoni, ili kuupata mwili wa mdogo wake, na Alphonse anaondoka na kanuni mpya, kwamba ukipokea kumi uongeze lako moja na kutoa kumi na moja. Hata posa ya Edward kwa Winry inafanywa kwa lugha ya mabadilishano, nusu ya maisha kwa nusu ya maisha, na binti anamcheka kwa kuhesabu vibaya mno. Mkulima wa Hokkaido amemjibu Dante kwa namna yake, bila ya kumjua: kanuni ya thamani sawa haitoshi kwa sababu watu wema hutoa zaidi.

Lakini tuwaulize wanaoliita aminifu: uaminifu wake uko wapi hasa? Sehemu yake ya kwanza kabisa haimo katika kitabu. Inamhusu mwanaalkemia wa barafu aliyebuniwa na watengenezaji. Kisa cha Nina, ambacho toleo la 2003 lilikipa muda ili tumzoee mtoto yule, tucheze naye kwenye theluji kabla ya kumpoteza, kimemalizwa katika sehemu moja, ya nne. Kifo cha Maes Hughes, rafiki mchangamfu mwenye kuonyesha picha za binti yake kwa kila mtu, kinakuja katika sehemu ya 10, ilhali toleo la kwanza lilingoja mpaka ya 25, tulipokuwa tumekwisha kumhesabu kuwa ndugu. Na mji wa Youswell? Wachimbaji wale, hati ile, usiku ule wa malazi? Umerukwa. Ulikuja kuguswa baadaye kwa mzaha mfupi tu, kama kisa cha Yoki mwenyewe. Toleo lililosifiwa kwa kufuata kitabu liliutupa mtihani wa kwanza wa sheria ya kitabu, na toleo lililolaumiwa kwa kukiacha liliupa sehemu nzima. Sababu ya haraka hiyo ni rahisi kuikisia: mambo ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kuonyeshwa mwaka 2003, basi yapitwe. Sababu hiyo inafaa katika biashara, wala hatuilaumu. Tunachokataa ni kuiita uaminifu.

Imebaki michezo ya video, na hapa ndipo hoja yetu inapopata ushahidi wake mkali. Hadithi ilichapishwa na kampuni ya Enix, ambayo biashara yake kubwa ilikuwa michezo hiyo hiyo, na ambayo mwaka 2003 iliungana na Square. Haikushangaza basi kwamba mwezi Desemba wa mwaka 2003, filamu zikiwa bado changa, mchezo wa kwanza wa PlayStation 2 ulikuwa sokoni, na mwingine ukafuata mwaka 2004, na wa tatu mwaka 2005. Kwa kipimo cha magunia, michezo hii ni aminifu mno. Sura ni zile zile, koti jekundu la Edward ni lile lile, deraya ya Alphonse ni ile ile, sauti ni za waigizaji wale wale, Romi Park na Rie Kugimiya. Mwanafunzi wetu akiulizwa ataje tofauti tano atahangaika.

Lakini mchezaji hufanya nini? Anabonyeza kitufe, na kitu kilicho karibu naye, pipa au nguzo, kinageuka silaha. Anapiga, anasonga mbele, anabonyeza tena. Alkemia iliyomgharimu mtoto mkono na mguu imekuwa ghala la silaha lisilo na mlinzi. Hilo lingesameheka. Lisilosameheka ni jingine: mchezaji akiuawa, hurudi mahali alipohifadhi mchezo wake na kuanza tena, mzima, bila kupungukiwa na chochote isipokuwa dakika chache. Yaani mchezo unampa kila mtoto, bure, kile ambacho hadithi nzima ilitungwa kuonyesha kwamba hakipatikani kwa bei yoyote. Ndugu wawili walitaka kumrudisha mfu, wakalipa kwa miili yao na hawakumpata. Na hapa mfu anarudishwa kwa kidole gumba. Hakuna tukio lililobadilishwa, ilhali sheria imefutwa.

Tutaambiwa kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba michezo haiwezi kubeba maana kama kitabu. La hasha! Sisi watu wa bao hatuwezi kukubali neno hilo. Bao la Kiswahili lina kete 64. Mchezaji akila, kete alizozila haziondoki ubaoni. Anazipanda upande wake, na kesho yake huenda zikaliwa tena zikarudi zilikotoka. Tangu mwanzo mpaka mwisho hesabu ni 64, haizidi wala haipungui. Omweso wa Uganda una mbegu 64, igisoro cha Rwanda nacho hivyo hivyo, na huko pia kilicholiwa hupandwa na aliyekila. Wazee waliokaa chini ya mwembe mchana kutwa walikuwa wakicheza mabadilishano ya thamani sawa kabla hadithi hii haijafikiriwa: unachokipata kimetoka kwa mwenzako, nawe unaona mbele ya macho yako shimo lililobaki tupu. Mtengenezaji wa mchezo aliyetaka kuwa mwaminifu kwa Arakawa angejifunza zaidi kwenye ubao wa mti kuliko katika kunakili koti jekundu. Angeweza kumfanya mchezaji alipie kila anachokigeuza kwa kitu alichokuwa akikihitaji, na kupoteza kabisa kilichopotea. Hakufanya hivyo, kwa sababu mchezo wenye hasara ya kweli ni mgumu kuuza.

Wenzetu wanaodhani kwamba tumetoka mbali mno kutafuta mfano, wakumbuke kwamba fasihi ya Kiswahili yenyewe imejengwa na wagezaji. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, unasimulia vita vikubwa kati ya Waislamu na jeshi la Hirakali, mfalme wa Warumi. Wanahistoria wanatuambia kwamba katika safari ya Tabuk ya mwaka 630 hapakupiganwa vita vyovyote vikubwa. Je, tumwite Mwengo mpotoshaji? Hakuna aliyethubutu. Na Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, aliipa mwaka 1969 jina la Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja amekuwa wengi, tena wamekuwa mabepari. Mhesabu magunia angeandika: tofauti ya kwanza, jina. Lakini neno hilo moja ni usomaji kamili wa tamthilia nzima, uliofanywa na mtu aliyeona kwamba ratili ya nyama iliyodaiwa mle haikuwa kosa la Shylock peke yake.

Sisi tunaofundisha Kiswahili nje ya mwambao tuna sababu ya kulijali jambo hili kuliko wengine. Lugha hii Rwanda iliifanya rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba ifundishwe kwa lazima shuleni. Wanafunzi wanakuja wengi, na wengi wao watakutana na fasihi kwanza kwa kupitia tafsiri na ugeuzaji: hadithi ya kwao iliyoandikwa kwa Kiswahili, filamu ya kigeni iliyofafanuliwa kwa sauti ya mtu wa kwetu, tamthilia ya Kiingereza au ya Kifaransa iliyovishwa kanzu. Tukiwafundisha kuhesabu, watahesabu, na watatoka shuleni wakiamini kwamba mfasiri bora ni yule asiyeonekana kuwa na akili yake mwenyewe.

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba swali la kutaja tofauti liondolewe katika mitihani yetu ya majaribio, na mahali pake paulizwe swali moja: kazi ya asili imeweka sheria gani, na kazi iliyogeuzwa imeitii wapi, imeivunja wapi, na imeibishia wapi? Tumekwisha kuambiwa na baadhi ya wenzetu kwamba swali la namna hiyo ni gumu kusahihisha. Ni kweli. Orodha ya tofauti tano husahihishwa kwa dakika mbili, na insha ya hoja huchukua dakika kumi na zaidi, na wako walimu miongoni mwetu wenye wanafunzi tisini katika darasa moja. Gharama hiyo tunaijua, na tuko tayari kuijadili katika mkutano ujao: nani atasahihisha, kwa saa zipi, na ni vipindi gani vitapunguzwa ili saa hizo zipatikane.